Gari Lililongoja Maji

Watu wenye motokaa hutazama petroli, mipira na askari wa barabarani. Mjomba wangu alitazama bahari. Ukimwendea nyumbani kwake Likoni kumkodi akupeleke kisiwani, hakukuuliza unakwenda mtaa gani wala una mizigo kiasi gani. Alitoka barazani, akavaa miwani, akaukazia macho mkono wa bahari unaotutenga na mji, kisha akakujibu kwa sauti ya kadhi anayetoa hukumu: "Baada ya alasiri, inshallah." Ukimwambia una haraka, alikwambia na bahari nayo ina zake.

Wageni walidhani ni mambo ya uganga. Sisi wa nyumbani tulijua ni mambo ya giaboksi.

Gari hilo alilinunua vita vilipokwisha, kwa Mmarekani mmoja wa mambo ya meli aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa jeusi, pana kama kitanda cha besera, usukani wake uko kushoto ambako sisi huku humkalisha abiria, na kubwa kuliko yote, halikuwa na klachi. Mjomba aliendesha malori huko Bama wakati wa vita, akabadilisha gia ndani ya matope ya magotini, na nadhani alikuwa na haki ya kuichukia klachi mpaka kufa kwake. Hili lilijibadilishia gia lenyewe. Unakanyaga mafuta tu, lenyewe linajua sasa niongeze, sasa nipunguze. Kwenye usukani pana kijiti kidogo na herufi za Kizungu za kukuonyesha umechagua nini. Mjomba hakuzipenda herufi zile. Alikata karatasi akaandika kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni: pumzika, mbele, polepole, nyuma. Akazibandika kwa ulimbo juu ya zile za mwenyewe. Nyanya yangu, yaani mamake mjomba, ambaye Kizungu hajui hata herufi moja, akawa anaweza kulisoma gari la Mmarekani kutoka kiti cha nyuma, na tangu siku hiyo akajipa kazi ya kulikosoa.

Mimi nilikaa kwa mjomba kwa sababu ya skuli. Kwetu ni Tiwi, na skuli iko ng'ambo ya feri. Kazi yangu pale nyumbani ilikuwa kula, kusoma kidogo, na kuliigiza gari. Nilikuwa na sauti zake zote. Nikiulizwa darasani swali la hesabu nisilolijua, nilinguruma kwanza, nikanguruma zaidi, nikatetemeka mabega, kisha nisiende popote. Wenzangu walilala juu ya madawati kwa kicheko. Mwalimu hakuwahi kupanda gari la mjomba, kwa hivyo hakuuelewa utani, ila fimbo yake haikuhitaji kuelewa.

Maana huo ndio uliokuwa ugonjwa. Gari lilianza kuteleza kwa ndani. Asubuhi likiwa baridi unaliweka mbele, linatulia kama mtu aliyeamshwa na asiyemdai mtu salamu, kisha linakurupuka. Likishapata moto, kwenye tambarare linakwenda vizuri, lakini lionyeshe mlima: injini inapiga kelele ya kuita majirani, na magurudumu yamekaa kimya kana kwamba walioitwa ni wengine. Kurudi nyuma tu ndiko hakukuugua. Katika hilo, kwa maoni ya mwalimu wangu, mimi na gari tulifanana. Mafundi wa Magongo na wa kisiwani walilala chini yake kwa zamu, wakatoka wakitikisa vichwa. Hakuna aliyewahi kuifungua giaboksi ya namna ile, na waliokuwa tayari kujaribu, mjomba hakuwapa. Alisema amewaona madaktari wa vitani, na aliye na hamu ya kufungua ndiye wa kumkimbia.

Nasi Likoni mlima wetu ni ule mteremko wa feri. Maji yakijaa, feri husimama karibu sawa na barabara, na gari hutoka kama linavyotoka uani. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ndio kwanza uandame, bahari huondoka yote kama imeitwa na mamake, feri ikashuka chini kabisa, na kutoka ndani yake ni kupanda ukuta. Ndipo mjomba akajifunza kuliendesha gari kwa maji. Aliwauliza wavuvi, akatazama mwezi, akaweka safari zake zote kichwani, na kwa muda mrefu hakuna abiria aliyegundua kwamba anapanda gari gonjwa. Waliliona gari zuri sana lenye mwenyewe mgumu.

Mafuta nayo yalikuwa kisa kingine. Giaboksi ile ilikunywa mafuta ya peke yake, mepesi, ya rangi ya chai, na yale aliyotuachia Mmarekani yaliisha. Mjomba akajaribu mafuta ya injini. Gari likawa zito kama mtu aliyekula bokoboko usiku na asubuhi. Jirani yetu, fundi wa mashua, akasema yeye hajui gari, lakini anajua kwamba hakuna kitu kinachoingia mahali pembamba kikakaa kama mafuta ya papa. Mtu mwingine angecheka. Mjomba alikwenda akayanunua, akayachuja kwa leso kuukuu ya nyanya mpaka yakang'aa, akayamimina. Mimi nilikuwa nimekwisha kutayarisha mzaha wa wiki nzima. Wallahi gari lilipona. Lilivuta kwa miezi kadhaa kama limezaliwa upya, kabla ugonjwa haujarudi, na mzaha wangu ukaniozea mdomoni.

Ila kunuka, lilinuka. Paka wote wa Likoni walihamia chini yake, na kila mjomba alipolitoa walilisindikiza mpaka feri kwa heshima kama watu wa maziko. Mjomba akaanza kulifukiza udi kabla ya kila safari. Ukipanda, ulinukia papa aliyealikwa harusi.

Na harusi ndiyo niliyotaka kuieleza.

Mjomba ana binti mmoja, hana mwingine. Alipokuwa akienda vitani binti alikuwa mdogo wa kubebwa begani, na alilia sana pale gatini. Mjomba akamwambia nyamaza, nitarudi, na siku yako ya kwenda kwa mumeo nitakupeleka mwenyewe, kwa motokaa yangu, mpaka mlangoni. Wakati ule hakuwa na hata baiskeli. Maneno ya kumnyamazisha mtoto, basi. Lakini mtoto aliyakumbuka, na baba naye, kumbe. Ndiyo maana gari lile lilipougua hakuliuza, ingawa walikuja watu wakalitaka kwa vyuma.

Posa ilitoka Kisauni. Aliyekuja kuileta ni ami yake bwana harusi, mfanyabiashara wa mbata, mtu mnene wa sauti, mwenye motokaa yake ndogo ya Kiingereza aliyoipenda kuliko nilivyoona mtu akikipenda chochote. Baada ya kula aliliomba gari la mjomba ili alijaribu kidogo. Akakaa, akalinyoosha koti lake, akaondoka vizuri. Kisha mazoea yakamshinda: mguu wa kushoto ukaenda kutafuta klachi, ukaikuta breki, ambayo kwenye gari lile ilikuwa pana kama sinia. Gari likasimama papo hapo. Ami hakusimama. Kofia yake ilipiga kioo, na tambuu iliyokuwa mdomoni ikaishia kifuani mwa kanzu nyeupe. Mimi nilicheka mpaka nyanya akanitoa barazani kwa bakora. Ami alipoteremka alisema gari lisilo na klachi ni kama mtu asiye na haya, hujui utamzuilia wapi. Mjomba akamletea maji ya kunawa.

Basi lilipokuja shauri la kumhamisha bibi harusi baada ya fungate, ambayo kwetu huliwa nyumbani kwa bibi harusi, ami akatuma maneno. Akasema kwa heshima zote, habari za gari la mjomba zimevuka maji, na itakuwa vizuri binti achukuliwe Likoni kwa gari lake yeye. Mjomba akarudisha jibu kwamba mwanawe atafika mlangoni kwa mumewe ndani ya gari la babake. Ami akasema haya, mimi nitafuata nyuma. Atakapolihitaji gari, litakuwepo. Hakusema "akilihitaji". Nyanya alilirudia neno lile siku kadha wa kadha huku akichambua mchele. Kila mtu alielewa. Bibi harusi akiteremshwa njiani kwenye gari la babake akapandishwa la wakweze, hilo litasemwa kwenye kila ngoma ya Kisauni mpaka wajukuu zake waolewe: huyu aliingia kwa kuhurumiwa.

Mjomba akachagua siku. Alichagua ya bamvua, maji yakijaa sana alasiri. Wakwe walipoona ameipanga kwa mwezi walisema, maskini, mcha Mungu.

Siku ile gari lilioshwa, likafukizwa, paka wakafukuzwa. Alasiri ilipoadhiniwa mjomba aliswali upesi akakaa kwenye usukani, na bahari imejaa mpaka inataka kuingia dukani. Ami yuko nyuma yetu na gari lake dogo, limejaa wanawake wa Kisauni. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa bibi harusi. Vikuba, vile vishada vya asumini vya kujipamba, vilikuwa havijafika. Vikafika, vikaonekana vichache, mtu akarudi kufuata vingine. Halafu udi. Halafu shangazi mmoja akakumbuka hakuagana na binti, akaagana, akalia, akawatia wengine kilio, na wanja ukabidi upakwe upya. Mjomba wangu mwerevu aliihesabu bahari, akauhesabu mwezi, akasahau kuwahesabu wanawake.

Nilikaa naye mbele. Hakupiga honi, hakumtuma mtu. Alikuwa akitazama nguzo ya gati, namna maji yanavyoiachia nyeusi kidogo, kisha nyeusi zaidi. Nikamwambia, kwa kumchekesha, kwamba tungoje tu, maji yatajaa tena alfajiri. Alitabasamu akasema, mwanangu amekaa miaka yote akiningoja mimi nirudi, leo mimi nikimngoja apake wanja si neno.

Jua lilikuwa limeshuka walipomtoa, amefunikwa gubigubi. Nyanya alimwingiza nyuma, akakaa naye, akamkumbusha mila kwa mara ya mwisho: akishaondoka, uso wake haurudi ulikotoka. Yeye nyanya siku yake, mamake alimfunga leso usoni asije akageuka. Atazame mbele, basi. Tukaondoka kwa vigelegele, tukateremka ndani ya feri, na ami akateremka nyuma yetu.

Ng'ambo, kutoka, mteremko ulikuwa umesimama.

Mjomba akasema bismillahi, akaweka kijiti kwenye polepole, akakanyaga. Gari likapanda magurudumu ya mbele, likapanda kidogo zaidi, kisha lile jambo nililokuwa nikiliigiza darasani likatokea. Lilinguruma, likanguruma zaidi, likatetemeka, na taratibu, kwa adabu, likarudi ndani ya feri. Akajaribu tena. Harufu ya papa wa kukaangwa ikatanda feri nzima. Mabaharia wa feri wakaanza kutoa mashauri, na wote waliokuwa na vikapu wakaja kutazama.

Ami alifika dirishani akiwa amekwisha kulifungua gari lake. Siwezi kusema hakuwa mpole. Alikuwa mpole sana, na huo upole ndio uliouma.

"Binti na ashuke, sheikh," alisema. "Langu lina klachi."

Mjomba alishika usukani kwa mikono miwili. Bibi harusi siku ya kuhamishwa hasemi. Ni haya yake na ni sifa yake. Lakini kutoka ndani ya buibui nyuma yangu ilitoka sauti, si kubwa.

"Mwambieni nitakwenda hata kwa punda. Lakini awe punda wa baba."

Nyanya hakumkanya. Na nadhani ni neno hilo lililomrudisha mjomba kichwani mwake, kwa sababu aliachia usukani, akatazama ile karatasi yake iliyobandikwa kwa ulimbo, akaisoma kama hakuiandika yeye. Kisha akageuka nyuma.

"Mama," alisema, "nyuma linakwenda."

Akaeleza. Feri irudi Likoni na sisi ndani. Kule tutatoka kinyumenyume, maana tayari tumetazama huku. Tugeuze juu palipo tambarare, tuingie tena feri kwa kutanguliza matako ya gari, na tukifika hapa tupande kwa gia ya kurudi nyuma. Hiyo haijaugua siku hata moja.

Ami akashika kichwa. Alisema taratibu, ili kila mwenye kikapu asikie, kwamba hajapata kuona bibi harusi akirudishwa kwao siku ya kuhamishwa. Hapo kicheko kilikwisha. Mjomba hakumtazama ami, alimtazama mamake tu, na nilijua kwamba nyanya akisema hapana, itakuwa hapana, na binti atashuka.

Nyanya akamuuliza mjukuu wake, kama anayemuuliza mtoto wa chuoni, uso wake umetazama wapi.

"Mjini, nyanya."

"Basi haujarudi," alisema nyanya. "Chombo ni chombo, kinakwenda na kurudi, ndiyo kazi yake. Uso uko mbele. Haya, twende."

Mimi nimesoma skuli miaka yote hii na sijasikia hoja iliyokatwa kwa usafi namna ile.

Feri ikarudi. Likoni ami ilimbidi atoke kwanza, kinyumenyume, maana ndiye aliyekuwa nyuma. Gari lake likazima katikati ya mteremko, akaliwasha, likazima, gia zikalia kama mabati yanayoburutwa. Sisi tulipofuata, kijiti kiko kwenye nyuma, gari la mjomba lilipanda ukuta ule bila kutikisika, kama bi mkubwa anayekwea kitanda chake. Waliotuaga kwa vigelegele walikuwa bado wamesimama pale na midomo wazi. Hawakujua wapige tena au wapige mayowe.

Kazi ilikuwa kugeuza. Gari likigeuka, uso wa bibi harusi utageuka nalo, utaitazama nyumba ya babake. Nyanya alikuwa amekwisha kuliona hilo. Mjomba alipoanza kuzungusha usukani, nyanya alianza kumzungusha bibi harusi, taratibu, upande wa pili, gari linakwenda huku yeye anakwenda kule, mpaka tukamaliza mzunguko na binti amepiga magoti juu ya kiti, ametazama kioo cha nyuma, uso wake uko mjini kama sindano ya dira. Nyanya naye akapiga magoti kando yake, na bakora yake. Ule mzunguko ndio uliokuwa mwendo wa mwisho wa gari lile kwenda mbele. Baada ya hapo ukiweka mbele ilikuwa kama kumwita aliyehama.

Tukaingia feri kwa matako. Ami akaingia kwa uso. Mnaona ilivyokuwa. Pua ya gari lake imegusana na pua ya letu, na mimi kwenye kiti cha mbele, yeye kwenye chake, tumetazamana kama tuliokaa kula sinia moja. Nilimwamkia. Nilimwamkia kwa mkono kifuani, shikamoo kamili. Ilimbidi aitikie, kuna wanawake garini mwake.

Ng'ambo maji yalikuwa yamepwa zaidi kuliko mara ya kwanza. Mjomba akasema bismillahi ile ile, akageuza shingo, akakanyaga. Gari likapanda. Sikulisikia hata likilalamika. Tulitoka juu barabarani na abiria wote wa feri wakapiga makofi, na mabaharia waliotoa mashauri wakadai shauri lilikuwa lao.

Kutoka pale mpaka Kisauni tulikwenda kinyumenyume. Mji mzima. Mjomba shingo imemgeuka, lakini bibi harusi na bi mkubwa wamejaza kioo chote cha nyuma na yeye haoni kitu, hivyo nyanya ndiye aliyekuwa macho yake. Nyanya yangu, ambaye maisha yake yote alikosoa tu, jioni ile aliliongoza gari. Alisema kama anavyosema jikoni: kushoto mwanangu, bado, bado, basi. Mkokoteni. Ngoja apite huyu mwenye machungwa. Sasa twende. Mbuzi. Mbuzi amepita. Mjomba akaitika naam mama, naam mama, na hakugusa hata jiwe. Askari wa njia panda alitunyooshea mkono tusimame, kisha akaona kwenye kioo buibui na vikuba na bi kizee aliyepiga magoti, akaushusha mkono na kutupisha. Watoto walikimbia kandokando. Na ami alikuwa nyuma yetu, yaani mbele yetu, uso kwa uso nami njia nzima, na kila nilipochoka kutabasamu nilipumzika kidogo nikaanza upya.

Daraja la Nyali, lile linaloelea, nalo lilikuwa limelala chini na maji. Tukaliteremka, na ule mlima wa upande wa bara tukaupanda vile vile. Ami ndiye aliyezima pale. Tulimngoja. Mjomba alisema si vizuri kumwacha mkwe njiani.

Kisauni karabai zilikuwa zimewashwa na wanawake wametoka hadi barabarani. Wangeliona gari linakuja kwa uso wake, wangemwona dereva kwanza, kama magari yote. Sasa walichokiona kwanza ni bibi harusi, dirishani, anawatazama, analetwa kwao uso kwa uso. Vigelegele vilivyopigwa pale sijasikia tena. Bibi mmoja wa Kisauni alimwambia mwenzake kwamba ndiyo mila ya Likoni, na kwamba ni mila nzuri sana, wao wamechelewa wapi. Nyanya alisikia. Alirekebisha ushungi wake, hakukanusha.

Mjomba alirudi nyuma, akarudi, mpaka mlango wa gari ukawa sawasawa na kizingiti, akazima. Akateremka, akazunguka, akamfungulia mwanawe. Binti alipoweka mguu wake kwenye mkeka uliotandikwa, alimshika babake mkono juu ya kiganja, akaushikilia kidogo zaidi ya inavyohitajika. Basi. Wakamchukua ndani.

Ami alifika, akaliegemea gari lake, akavua kofia akajifuta jasho. Mwisho alisema, na safari hii bila watu wa kusikia isipokuwa mimi:

"Gari lako limekufa, sheikh."

"Limekufa," mjomba alikubali. "Lakini limefia mlangoni. Zaidi ya mlangoni sikuahidi."

Ami akampa mkono, akamvuta ndani kwenda kula. Na tangu siku hiyo, nikimtania mjomba mbele yake, hacheki.

Lilikuwa limekufa kweli. Kijiti kilikwama kwenye nyuma, hakikwenda juu wala chini. Na gari la namna ile likizimwa kwenye gia ya nyuma magurudumu hujikaza, ndivyo Wamarekani walivyolifanya lisiibiwe. Hata ukileta wapagazi wote wa bandarini hawalisukumi. Liko pale mpaka leo ninapoandika, jeusi, pana, kuku wa Kisauni wanataga kiti cha mbele, na dada yangu huyo huanika viazi na pilipili juu ya boneti la babake, ambalo halishiki mtu ila yeye. Paka wamelifuata kutoka sijui wapi. Likinyesha, harufu ya papa huinuka kidogo.

Ila mahali liliposimama, pamoja na kuwa sawa na kizingiti, ni mbele kabisa ya banda la gari la ami, anayekaa ua mmoja na bwana harusi. Gari la Kiingereza halipiti. Lina klachi, lina gia zote, linalala nje juani na kunguru wanalifanyia wapendavyo.

Jumamosi huenda kumwona dada, nikaliwashia mngurumo wake kidogo kwa mdomo, watoto wakacheka. Mara ya mwisho ami alitoka na birika la udhu mkononi. Akaniuliza, kwa upole wake ule, mjomba wangu ana nia gani ya kuja kuliondoa. Nikarudi Likoni nikamfikishia mjomba swali kama lilivyo. Alikuwa barazani. Akavaa miwani, akatazama ule mkono wa bahari kwa makini sana, ingawa sasa hana safari.

"Mwambie," alisema, "nangoja maji yajae."